Ukucha Usikwame

Miaka thelathini na moja nilichimba meno ya watu wa Rosthern,
magego ya wakulima wa ngano, meno ya utoto ya watoto wao
ambao nao walirudi watu wazima, wakafumba macho kitini.
Kiti nimekiuza.
Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nami gerejini nimeuinamia mhimili wa bawa
uliokuja kwa lori katika sanduku refu
hata tukang'oa mlango ili liingie.

Kazi ya usiku huu ni ndogo kwa kusema:
matundu sabini na mawili ya skrubu za tangi la mafuta,
kila moja lipanuliwe mdomo, liwe mfano wa faneli,
kichwa cha skrubu kizame, kilale sawa na bati,
upepo upite juu yake bila kujua kuna kitu.

Shingoni mwa keekee kuna pete ya kikomo.
Ukiizungusha inalia tik,
na tik moja ni unene wa karatasi ya kusokotea sigara.
Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.
Bado. Tik. Bado kidogo. Tik, tik.
Skrubu ikakaa. Nikapitisha ukucha, kutoka batini hadi kichwani,
ukateleza kama juu ya jino lililong'arishwa.
Basi nikaanza.

Mgonjwa huyu hana mate, hahitaji ganzi,
hashiki mikono ya kiti mpaka vidole vikaparara.
Haniulizi kama imebaki kidogo, nami simdanganyi.
Ila husema: ukiikimbiza keekee
inatetemeka, ukuta wa tundu unatoka pembepembe,
na hapo unajua umekosa adabu.

La kwanza. La tano. La kumi na tisa.
Nyuzi za alumini zinameta, nazifagia kwa mswaki mkuukuu.
Redioni wanacheza mpira wa magongo, timu yetu inafungwa.

La thelathini na nne, skrubu ikazama.
Ukucha ukatumbukia.
Sijui kilichotokea. Hapana, najua:
nati ya kufungia pete sikuikaza baada ya tik ya mwisho,
na pete ikawa inarudi nyuma, tundu kwa tundu,
mwizi wa senti mojamoja.
La thelathini na tatu, ukucha.
La thelathini na mbili, ukucha.
Nikarudi hivyo hadi la ishirini na nane.

Olga Prokopchuk, jirani, fundi wa mashine za kuvunia,
aliingia na theluji mabegani, akavua glavu,
akapitisha kidole chake kinene.
Hakunipa pole.
"Saba," akasema. "Na hili la mwisho, ukingo umebaki makali ya kisu."
"Nijaze?" nikauliza, mimi mtu wa kujaza.
"Hili si jino, Abram."

Nilikuwa na jibu la kila shimo:
zebaki na fedha zamani, baadaye ute mweupe unaokaushwa kwa taa,
dhahabu kwa mwenye nayo.
Waliotufundisha kuziba ufa
hawakusema lolote kuhusu kina kilichozidi.
Kesho nitapiga simu kiwandani,
nitaje namba ya kila tundu na upana wa mdomo wake,
na mhandisi kijana atavuta pumzi, ataniambia,
kwa sauti ileile niliyowaambia wengine miaka yote:
"Tuone kwanza."

Nimeyazungushia duara jekundu, yote saba.
Ulimi wangu, bila kutumwa,
umekwenda kwenye gego la juu kushoto
lililomeguka tangu mavuno, kinyozi hajinyoi,
unapita ukingoni, unakwama.

Olga amechukua keekee.
Amekaza nati kwa koleo, ametafuta kipande cha kutupa.
Anatoboa. Anapitisha ukucha. Anakunja uso.
Tik.