Debe Lililobonyea Kitako

Julai. Baridi ya Arusha imeketi mezani kama mkaguzi.
Themi, ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu Pasaka.
Bwana Kiwelu kanitumia jedwali tupu:
"Shufaa, wafadhili wanataka asilimia ya wanawake.
Kabla ya saa kumi."

Nahesabu.
Waandishi wa programu thelathini na mmoja.
Wanawake: Ndealilia,
aliyetengeneza mfumo wa kupokelea maziwa Tengeru
na jina lake halimo popote ndani yake.
Paskalina Gidamis, anayefika kabla mlinzi hajavua koti.
Na Naisula, ambaye barua yake ya kuacha kazi
imo kwenye droo yangu, haijagongwa muhuri.

Watatu. Asilimia tisa na ushee.

"Haiwezekani," asema Kiwelu.
"Ongeza wa usafi. Ongeza wa chai, wa mapokezi,
mhasibu, ongeza na wewe.
Kwani nyie si wanawake?"

Nikaongeza. Mama Nasinyari na ndoo yake ya deki
akaingia kwenye safu ya teknolojia bila kuulizwa.
Namba ikaumuka kama andazi:
ishirini na nane.

Mama yangu aliuza maharage soko la Kilombero.
Alikuwa na madebe mawili, la kununulia na la kuuzia.
La kuuzia alilibonyeza kitako kwa nyundo,
usiku, taratibu, kitambaa kikimeza mlio.
"Mteja hutazama kilele," aliniambia.
"Hakuna anayepapasa chini."
Ada yangu ya shule ilitoka kwenye lile bonyeo.
Kwa hiyo, Bwana Kiwelu, mkono wangu naujua
na ninachokifanya nakijua.

Nikafuta.
Nikachora safu ambazo hakuna aliyeziagiza:

Nani aliondoka, na mwezi gani, na alisema nini mlangoni.
Nani hukatizwa kikao cha Jumatatu
(Paskalina: mara saba, dakika ishirini).
Wazo la nani lilianguka sakafuni
likaokotwa na kaka mmoja, likapigiwa makofi.
Tangazo la kazi lilipita wapi:
kundi la WhatsApp la waliomaliza chuo na Kiwelu,
basi.
Ngazi ngapi toka barabarani: sabini na mbili.

Hapo kalamu ikasita.
Anaeli wa Sakina alifaulu mtihani wa mtandaoni kuliko wote.
Siku ya usaili alikuja, kiti chake cha magurudumu
kikasimama mbele ya ngazi ya kwanza.
Akamwambia mlinzi, "Waambie nimefika."
Tulimjibu kwa ujumbe wa simu:
nafasi imejazwa.
Nimemwandika.
Sijui ni safu gani, nimemwandika pembeni.

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tulivyofunzwa.
Watu je?
Watu nao huisha,
na kiti kikipoa mwingine hukikalia,
na sisi husema, "Hawadumu hawa."

Saa kumi kasorobo nikatuma. Tisa na ushee.

Kiwelu akaja mwenyewe, miwani mkononi.
Hakugomba. Aliuliza kitu kimoja:
"Hizi ngazi, ulizihesabu?"
"Mara mbili. Kupanda na kushuka."
Akasimama dirishani. Mlima Meru ulikuwa ndani ya wingu,
hakuwa na cha kutazama, akatazama.
"Fundi wa lifti anataka shilingi ngapi?"
Nikamtajia. Akaguna, akaondoka.
Guno sikulitia kwenye jedwali.

Jumatatu nimekaa nyuma na daftari langu.
Paskalina anaeleza kwa nini mfumo ulizima Ijumaa usiku.
Kijana mmoja anafungua mdomo,
anaiona kalamu yangu,
anaufunga.
Ni haya, au ni hofu ya wino?
Sijui. Sina safu ya hilo.

Nimeandika: mara sita.