Ulimi wa Kuazima

Onsare hanywi. Ndiye aliyeikeneka,
ndiye aliyeimimina katika pipa namba kumi na nne,
akaandika tarehe kwa chaki, akagonga kizibo nyundo tatu,
na usiku uleule akalala kituo cha polisi
kwa kuangusha lango la watu kwa gari lisilo lake.
Tangu siku hiyo yeye na chaki wana umri mmoja:
miaka mitatu, miezi miwili.

Basi Jumamosi ya Julai,
baridi ya Nairobi imekaa juu ya mabati kama kuku anayeatamia,
ananipigia simu: Kemunto, njoo uniazime ulimi.

Ghala liko nyuma ya gereji, kando ya Lunga Lunga.
Kushoto wanapaka magari rangi, kulia wanapika sabuni.
"Pumua kwanza nje," ananiambia, "uiache sabuni hukohuko."
Ninapumua. Sabuni inaingia nami.

Mezani: mkate mkavu, maji, kijiko cha dawa ya mtoto,
glasi mbili zenye kiuno, zilizosalia harusini kwake.
Moja yangu.
Ya pili ya pua yake.

Miezi mitano ya mwisho kimea hiki kimelala
katika pipa lililokuwa na mvinyo wa plamu
wa Mama Wairuri wa Kinangop,
aliyeshindwa na soko, si na plamu.
Aliyauza mapipa kabla hayajakauka.
"Ndani mlibaki kama lita mbili za huzuni yake," anasema Onsare.
"Sikuzimwaga."

Rangi? anauliza, kalamu juu ya daftari la hesabu.
Chai ya rangi dirishani. Na wekundu pembeni,
kama sikio la mtoto jua likiwa nyuma yake.
Anaandika sikio.

Harufu haniulizi. Harufu ni yake.
Anafumba macho, anaishusha pua hadi ukingoni
kama mtu anayesikiliza mlangoni
mwa nyumba aliyohama.
"Shayiri mbichi. Gome. Kisha plamu iliyoanguka, yenye nyuki ndani."
Mkono hautetemeki. Nimeukagua.

Haya, mdomoni.
Kwanza inaingia na viatu.
Ni changa, jamani, haijafunzwa kubisha hodi:
inakereketa, inapanda puani, inataka ijulikane ni ya nani.
Subiri. Maji, matone mawili.
Sasa inakaa.
Sasa ugwadu wa ganda la tunda,
ukakasi wa kokwa uliyoitafuna kwa bahati mbaya,
halafu utamu, si wa sukari,
utamu wa mtu aliyesamehewa nusu.
Na nyuma kabisa moshi mdogo,
sijui ni wa mwaloni au ni wa jikoni kwetu.

"Imekolea?"

Neno hilo. Mama alilitumia kwa chumvi, kwa chai,
kwa uongo wa majirani. Alionja kiganjani,
ulimi ukalia mara moja, kesi ikaisha, hakuna rufaa.

Onsare hautazami uso wangu. Analitazama koo,
kama nitameza.
Ndoo ya kutemea ni mpya, ya kijani, bado ina bei ubavuni.
Ninazijua hesabu zake: mapipa kumi na tisa, mkopo wa chama,
mtoza ushuru na muhuri wake mlangoni,
paa linalokunywa fungu lake kila mchana bila leseni.
Ninaijua pia siku ile chupa zitakapofunguliwa,
watu watakapoinua glasi, wamgeukie wote kwa mapenzi:
Onsare, nawe!

Imekolea. Ilikuwa imekolea.
Ninatema. Ndoo inalia kama bati kwa mvua ya kwanza.
"Mwaka mmoja bado," ninasema.

Anaandika mwaka.
Anaupigia mstari, kisha mwingine, polepole,
polepole mno kwa mtu aliyepewa habari mbaya.

Nimefika nyumbani Donholm. Nimepiga mswaki.
Plamu ingali chini ya ulimi
inaniuliza nilisema vile kwa ajili ya nani,
na sina hakika kama niliitema yote.