Namba za Nyimbo

Dagaa mimi nawajua hata gizani.
Waliokaushwa mchangani hukwaruza meno,
waliokaushwa chanjani hulia kama majani makavu
ukiwamimina kwenye sado.
Mwaloni Kirumba hakuna wa kunidanganya:
nakung'uta, nanusa, natafuna mmoja,
ndipo nataja bei.

Lakini shule, unainusaje?

Swali hilo lilinipeleka, Jumanne, bila kuitwa,
kwenye kanisa letu dogo la hapa Kayenze.
Nikakaa benchi la nyuma, la wachelewaji wa ibada,
kanga yangu ikinuka kazi.

Watoto arobaini na mmoja. Niliwahesabu mara mbili,
maana mmoja, wa kwa Lugembe, alikuwa nyuma ya mimbari
anakula chaki.
Mabenchi ni ya watu wazima: miguu inaning'inia,
kandambili zinadondoka, moja, halafu moja,
kama mvua isiyojua bado kama itanyesha.
Mwalimu mmoja, Nkwimba, binti wa fundi cherehani,
kidato cha nne na mafunzo ya miezi sita.
Ubao mmoja, na juu yake kwa herufi kubwa:
MCHANGO WA BATI BADO LAKI TATU. USIFUTE.

Chati ya hesabu haipo.
Upo ule ubao mdogo wa namba za nyimbo,
umebaki na za Jumapili: 147, 203, 89.
Basi wanasoma hizo.
"Nani amesimama katikati?"
"Nne!"
"Na huyu asiye na kitu tumboni?"
"Sifuri!"
Sikujua nicheke au nidai ada yangu.

Wa Mama Shigela anapanda basi la njano
saa kumi na moja alfajiri. Anaondoka amelala, anarudi amelala,
na amejifunza sentensi moja ya Kiingereza
ambayo mama yake hunirudia kwa fahari,
na kati yetu hakuna anayejua inasema nini.
Simcheki. Niliwahi kuiulizia ada ya huko,
nikaanza kuipima kwa sado,
nikaacha kupima.

Mara Minza wangu akanyoosha kidole.
"Mwalimu, ziwa linaishia wapi?"

Nkwimba alikaa na chaki mkononi muda mrefu.
Angeweza kumwambia kaa chini.
Mimi niliambiwa kaa chini, nikiwa darasa la pili,
kwa swali dogo kuliko hilo,
na nilikaa.
Akasema, "Sijui vizuri. Nitauliza."

Nikatoka nimefura. Elfu nane kwa mwezi,
kwa mtu asiyejua!
Siku mbili nzima niligeuza dagaa
kama vile wamenikosea.

Alhamisi Minza akaja na karatasi iliyofungiwa maandazi,
mafuta yametoboa mwanga pembeni.
Kuna mchoro: kiazi kikubwa kilichopinda.
Huku sisi, nukta. Kule ng'ambo, Uganda,
na juu kabisa mstari mmoja unatoroka, maji yakiwa mto.
"Mwalimu aliuliza watu watatu," akasema.
"Wawili hawakujua. Wa tatu ni fundi wa meli ya mizigo."
Halafu akaniuliza mimi,
mto ukishatoka, ziwa halipungui?

Bati bado linavuja juu ya mimbari.
Basi la njano bado linapiga honi mlangoni kwa jirani.
Sijaamua kitu, mtu asinisemee.
Ada ya mwezi huu nimelipa, nusu fedha, nusu dagaa,
na Nkwimba alitafuna mmoja kwanza, kama mnunuzi,
ndipo akaandika risiti.

Jioni tunachambua. Minza anatoa mawe,
anayapanga kwenye kifuniko, anahesabu kwa sauti:
mia moja arobaini na saba,
mia mbili na tatu,
themanini na tisa.

Mdomo ulifunguka nimsahihishe.
Nikamimina sado nyingine, taratibu,
nikitega sikio.