Tarehe Nyekundu

Kalenda ya duka la mabati, jikoni kwa Mama Nahyan,
ina tarehe nyeusi na tarehe nyekundu.
Nyekundu ni za kupumzika.
Mimi nimejifunza kuziogopa.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa:
saa moja kasoro baiskeli yangu iko Raskazone,
imeegemea ukuta uliopandwa vipande vya chupa.
Uji wa Nahyan. Nepi za Nahyan.
Usingizi wa saa nne usiomjia
mpaka nimkune nyayo.
Elfu saba kwa siku, hunihesabia mkononi kila Ijumaa.
"Si unafanya nusu kazi," husema,
nami sijaiona bado
ile nusu ya mtoto ninayoiacha chini.

Mwezi ishirini na tisa Ramadhani, Alhamisi magharibi,
Barabara ya Kumi na Tano nzima iko nje, shingo juu.
Watoto wanausaka mwezi juu ya mapaa ya Ngamiani,
wifi yangu anakanda unga wa visheti,
nami, Mungu anisamehe,
nimesimama na sahani ya tambi
naomba usiandame.
Ukiandama, Idi ni Ijumaa, na Ijumaa ni yangu.
Usipoandama, Idi ni Jumamosi, hainigusi.
Nani mwingine mjini Tanga
alifunga ishirini na tisa
akaiombea ya thelathini?

Ukaandama. Mwembamba kama ukucha wa mtoto.
Simu ikaita: "Idi njema dada, kesho usije."
Usije. Neno la ukarimu,
na ndani yake elfu saba zangu.
Viatu vya binti yangu vikabaki dirishani kwa Hamduni,
vikitazama barabara.

Mei Mosi nayo ikaangukia Ijumaa.
Wafanyakazi wakapita na fulana mpya, tarumbeta mbele.
Niliwatazama kutoka mlangoni, masizi ya sufuria mikononi,
mfanyakazi, siku ya wafanyakazi,
bila ujira.

Jumatatu nikamuuliza. Sikuwa nimepanga;
nilikuwa namfunga Nahyan vifungo.
"Mama Nahyan, pale bandarini, Mei Mosi wanakukata?"
Akacheka. "Wanikate? Si sikukuu ile!"
Kicheko kikakatika katikati, kama maji ya bomba.
Akaitazama kalenda. Akanitazama.
Nahyan akasema, "Shasha,"
maana Mwanasha bado ni refu kinywani mwake.
Mama yake akaanza kutafuta funguo
alizokuwa amezishika.
"Ngoja," akasema, "nitaangalia."

Saa kumi na moja nikapanda baiskeli.
Nitaangalia. Neno hilo nimelitia
kwenye pindo la kanga, panapokaa noti.
Halina uzito, lakini nimelifunga fundo.

Na mimi nimeangalia.
Wakati Nahyan amelala niliifunua kalenda jani kwa jani.
Nanenane: Jumamosi, imenipita mbali.
Desemba nikaweka kidole, nikakisogeza polepole
mpaka kwenye nyekundu.
Krismasi ni Ijumaa.