Oda ya Tripu Mbili

Mwongozaji alisema: mtu asionekane.
Wala kivuli cha mtu, wala kandambili iliyosahaulika.
Filamu hii ni ya mawe, alisema,
ya miaka isiyokuwa na wa kuihesabu.
Tukashuka machimboni Moshono kabla ya jua,
yeye na kamera, mimi na maikrofoni,
tukakaa mbele ya ukuta wa shimo:

jivu, juu yake moramu, juu yake jivu tena,
utepe mwekundu mwembamba kama ufizi,
kisha jiwe la kijivu lililowahi kuchuruzika kama uji.
Kila mstari ni siku moja mbaya ya mlima,
na kati ya mstari na mstari
kimya kirefu kuliko lugha zote tulizo nazo,
Kimeru, Kimasai, hiki Kiswahili chetu cha juzi.

Nilibandika maikrofoni kwenye mwamba kwa plasta.
Unasikia nini, akaniuliza.
Nikasema: bado.

Saa moja na nusu wakaja wenye shimo.
Nanyori Lomnyaki akatandika gunia,
akakunja mguu mmoja, akanyoosha mwingine,
akavisha vidole vipande vya mpira wa tairi,
na nyundo ikaanza: ng'o. Ng'o. Ng'o.

Mwongozaji akamsogelea kwa adabu zote,
akamweleza mamilioni ya miaka
(mkono ukipanda, ukipanda,
kama anayepima kimo cha mtoto asiyeacha kukua),
dunia kabla ya mtu, dunia baada ya mtu,
na kwamba tunaomba dakika arobaini za ukimya.
Nanyori akasikiliza mpaka mwisho.
"Kwa hiyo mnasubiri tuondoke."
Hakuna aliyejibu.
"Tutaondoka. Wote, na wewe mwenye kofia.
Ila si leo. Leo nina oda ya tripu mbili."

Akacheka, nikaona meno yake:
kahawia, yenye mistari, rangi ya ukuta ule ule.
Nikafumba mdomo, maana yangu ni hayo hayo.
Sisi tuliokunywa maji ya Meru tangu utoto
tunajulikana hata Dar kabla hatujataja majina.
Mlima ulilipuka pasipo shahidi,
ukaacha chumvi yake chini ya visima,
ukasubiri,
ukasubiri,
tukazaliwa, ukatuandika mdomoni.
Mtu asionekane?
Na ukionekana mlima, si tumeonekana?

Kesho yake tulikwenda Usa River kupiga picha vilima,
vile vidogo vidogo vinavyopandwa mahindi mpaka kichwani.
Ni Meru ile ile, upande wake uliobomoka
ukalala huko ulikoangukia, haukuinuliwa tena.
Ng'ombe wakapita. "Kata," akasema.
Ng'ombe wana mwenyewe.

Usiku, chumba cha kupanga Kijenge, nikaanza kufuta.
Nikafuta pikipiki. Nikafuta adhana na kengele ya Walutheri,
redio ya jirani, mtoto anayeitwa aje aoge.
Kazi ngumu, kuondoa watu katika hewa;
unawatoa mlangoni wanarudi dirishani.
Nilipomaliza, ukuta ulibaki peke yake kwenye skrini
na ndipo mwamba ukasikika, chini kabisa,
si ngurumo, si pumzi,
kitu kama mtu aliyetaka kusema
halafu akaghairi.

Ila dakika ya kumi na saba nimeacha pigo moja.

Ng'o.

Mwongozaji amelirudia mara tatu,
masikio yamebanwa, macho kafumba.
Ni nini hicho? akaniuliza.
Nikamwambia, jiwe.
Sikudanganya.