Daftari la Tunje

Bi. Wakesho, nimeandika kwa penseli
kwa kuwa kalamu za wino humu ndani hazidumu,
kila mtoto huondoka na moja.
Huyu ni wa kumi na mbili.

Hulala ubavu wa kushoto.
Usimgeuze.
Malori ya makontena hupita hapa Mikindani
saa nane za usiku, na hata hatikisiki;
huko kwenu kitakachomwamsha ni kimya.
Washa feni,
au redio isiyoshika stesheni.

Maji ya maziwa yachemke, kisha yapoe
mpaka yasichome kiwiko.
Uji wa wimbi anaukubali.
Sima kwa mchuzi wa tui
anajilisha mwenyewe, na ukuta anaulisha pia.
Dagaa bado.

Kunguru anawachukia.
Mmoja alimpokonya kipande cha mhamri
kiganjani, hapa hapa kizingitini,
na tangu siku hiyo kila chenye mabawa,
hata ndege ya abiria ikishuka kutua,
anakinyooshea kidole na kukitukana
kwa lugha nisiyojua ameitoa wapi.

Hii leso alikuja nayo.
Usiifue kwa jiki. Nilikosea mimi, siku ya kwanza,
jiki ikala nusu ya maandishi.
Yamebaki: *Mgeni njoo.*
Yaliyofuata unayajua.

Aliyemfunga leso hiyo alifika mara mbili.
Shirika lilimtafutia chumba,
likalipa kodi ya miezi mitatu,
likampa cherehani, likampa na muda.
Hakuna aliyemsukuma huku wala kule.
Bi. Mejumaa alikaa naye kwenye benchi
mpaka chai ikafanya utando.
Mara ya pili hakuvua viatu.
Alimtazama kutokea mlangoni, akauliza
kama lile doa nyuma ya sikio bado lipo.
Nikasema lipo.
Akasema, "Jina msimbadilishe,"
akaenda kutia sahihi.
Atakayekwambia mtoto huyu alitupwa
mwambie hivi: atupaye hatii sahihi.

Kuna ukurasa niliuchana.

Nilidhani ni zawadi.
Nilitaka afike kwako hajaanza,
uwe wewe wa kwanza kuona,
upige kelele, umwite mumeo atoke bafuni na povu.
Nami ningenyamaza.
Kwa watoto kumi na wawili nimejifunza kunyamaza
kama wengine wanavyojifunza ushoni.

Bi. Mejumaa alipokagua daftari
aliona mabaki ya karatasi kwenye mshono.
Hakunigombeza. Aliyapapasa kwa kidole tu.
"Mbodze," akasema, "huyu ameshapungukiwa na siku nyingi
ambazo hatutazijua. Usimpunguzie na hii.
Ipo siku atakuja kuiuliza."

Basi.
Jumanne, saa kumi alasiri,
aliuachilia mguu wa meza
akapiga hatua tatu kuelekea beseni la nguo.
Ya nne akaikalia.
Nilikuwepo mimi, na paka wa jirani.
Hakulia. Alicheka,
kisha akaangaza huku na huku
kama aliyealika watu zaidi
na bado hawajafika.

Msije kesho mkiwa na haraka.
Keti kwanza chini, hapo mkekani, usimwite.
Atakuja kukagua hereni zako, ndiyo desturi yake.
Mimi nitakuwa jikoni, nina sufuria za kusugua,
na nikikawia kutoka kumuaga
ni sufuria hizo.

Kurasa zilizobaki ni zako.
Penseli nimeifungia humo humo kwa uzi.
Ukiiona imetafunwa nchani, hayo meno mawili ni yake.
Alama nyingine
ni zangu.