Giza la Saa Saba

Mhasibu Mayenga amepanda ngazi zote
hadi darini kwetu, Capri Point,
ankara mkononi, jasho kwenye kola.
Akakiinamia kichupa ndani ya kasha lake la shaba,
akalitazama ziwa kupitia humo,
ziwa la saa saba mchana, lile linaloumiza macho
kama bati jipya la Igogo,
akaona giza.

"Bi Kwandu," akasema, "nimelipa mamilioni
kwa kioo kisichoonyesha?"

Nikamjibu: ndiyo. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kaa. Si hicho, kimevunjika mguu. Chukua ndoo.
Kuna vioo viwili. Cha kwanza huiamuru nuru:
tikisika juu na chini tu, kama mtu anayetwanga.
Cha pili husubiri ng'ambo,
nacho hupokea wanaochekecha tu, kushoto na kulia.
Anayetwanga harudishiwi hata salamu.
Hapo ndipo giza lako lilipotoka.

Ila katikati nimeweka kichupa, kifupi kama kidole,
na ndani yake mvuke wa rubidi,
chuma ambacho ukikitupa ziwani kinalipuka;
sumaku huku, sumaku kule.
Mvuke huo unaijua rangi moja,
wekundu wa mwisho kabisa, pale jicho linapokata tamaa.
Nuru ya rangi hiyo ikikatiza, huishika bega
na kuigeuza robo ya mzunguko:
aliyeingia akitwanga
anafika mlangoni anachekecha.
Huyo hupita.

Usiseme ni wavu. Wavu hupima unene.
Nenda Mwaloni asubuhi, watu mia tano wanapayuka bei ya dagaa,
mtoto analia mahali fulani nyuma ya magunia.
Wanawake wote wanaendelea kufungasha.
Mmoja anageuza shingo.

Leza yetu tunaituma kule, kupita yale mawe,
hadi kwenye wingu la wadudu wanaopaa majini kama moshi wa tanuri.
Zinarudi punje kumi za nuru,
na jua linazimwagia magunia juu yake.
Kichujio cha zamani kililifungulia jua
mlango wa kanisa siku ya harusi.
Hiki kinafungua upana wa gigahezi moja,
na usiniulize ni unyoya wa ndege gani;
mwembamba.

Sitakuficha lakini, maana wewe ni mtu wa hesabu.
Katika punje zetu kumi, mbili hufia ndani.
Nikishusha joto hadi sabini, mvuke unapungua,
na hata wenyeji wanabaki nje.
Nikipandisha hadi mia na kumi,
mlima kwenye mchoro unaota mabega,
na jua, lile jizi, linapenya begani.
Wiki nzima nimelala juu ya mkeka huu
nikiitafuta tisini na mbili.

Na Jumanne umeme ulikatika.
Kichupa kikapoa, rubidi ikaganda dirishani
kama ukoko wa fedha.
Umeme uliporudi, tukangoja dakika arobaini kipate moto,
jua likiwaka kama kawaida,
nasi vipofu.

Mayenga kimya. Anabonyeza kalamu, anaiachia, anabonyeza.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini yeye nilimwona akitafuta wapi pa kutazama.
Kisha akauliza, si kuhusu fedha:
"Yule mama wa Mwaloni. Akiwa amechoka sana?"

Anageukia kila mtoto, nikasema.

"Na akifa ganzi?"

Hapo sikuwa na digrii ya kumpa.

Akaandika kwenye daftari lake, herufi kubwa,
Kioo. Kimoja. Cheusi.
Akapiga mstari chini,
akaliegemeza daftari kwenye ndoo,
akainama tena kwenye shaba,
safari hii muda mrefu,
na jasho lake likidondoka sakafuni.